Chupa ya Kijani Iliyorudisha Posa Yangu

  Mwezi uliopita tulikuwa kwenye mvinyo, na wengi wenu mmenitumia ujumbe mkisema dada wewe unatubania, tuletee kitu kizito. Haya, mmeyataka wenyewe. Leo tunaongea kuhusu absinti, ile pombe ya kijani kutoka Uswisi ambayo watu wanasimuliana kwamba inatoa mazimwi ukutani.

Ila siwezi kuanza na mapishi wakati moyoni nina jambo. Absinti na mimi tuna historia. Ngoja niitoe yote.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba 2006, nyumbani kwa baba mkubwa, Tabata. Siku hiyo ndiyo barua ya posa yangu ilikuwa inaletwa. Mnajua wenyewe mambo yanavyokuwa: kina mama jikoni tangu alfajiri, mimi nimefungiwa chumbani na dera jipya, baba mkubwa kavaa koti la suti katikati ya joto la Dar. Kwa utaratibu wetu muoaji hatakiwi hata kuonekana, kazi ni ya washenga. Lakini baba yake mchumba wangu alikuwa ametoka Singida kwa basi, mzee wa watu hajawahi kuishi mjini, ikabidi kijana amsindikize mpaka mlangoni. Wazee wakaingia sebuleni, yeye akaambiwa akasubiri uani.

Na uani alikuwepo kaka yangu. Kaka alikuwa anasoma Geneva, karudi likizo ya Krismasi na jinzi mpya, lafudhi mpya na chupa ya kijani kwenye mfuko wa plastiki. Akamwambia, "Shemeji, njoo uonje kinywaji cha wanaume, usije ukaingia kwenye ukoo huu huku unatetemeka." Wakakaa chini ya mwembe, wakamimina kwenye vile vikombe vidogo vya kahawa, kavu kavu, bila maji. Kimoja. Cha pili. Mchumba wangu alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi kwa sababu ya wasiwasi. Walifika vitano.

Sasa huko ndani mambo yakawa yamenyooka kiasi kwamba baba mkubwa, kwa furaha zake, akavunja utaratibu mwenyewe: "Hebu mwiteni huyo kijana tumuone sura." Jamani! Kijana akaja. Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la ufunguo. Alitembea vizuri mpaka katikati ya sebule, akainama kwa adabu zote, akaliamkia friji shikamoo. Halafu akataka kukaa. Kiti hakikuwa pale alipodhani kipo. Alikwenda chini na meza ya kioo, soda, sambusa, kila kitu.

Hakuna aliyecheka. Baba mkubwa aliikunja ile barua, akairudisha kwenye bahasha, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. "Mzee mwenzangu," alisema, "kijana wako leo ni mgonjwa. Mrudishe nyumbani."

Nimeolewa, msiwe na wasiwasi. Tutafika huko. Lakini kwanza tuelewane kilichotokea uani, maana mpaka kesho kaka yangu anajitetea kwa sentensi moja: "Mimi nilijua ni kama konyagi tu."

Hapo ndipo watu wengi wanapoangukia. Konyagi yetu ina alkoholi asilimia 35. Absinti huanzia kama asilimia 45 na nyingine zinapita 70. Ile ya kaka ilikuwa 68. Piga hesabu na mimi: toti ya mililita 30 ya kitu cha asilimia 68 ina karibu mililita 20 za alkoholi tupu, ambayo si mbali na bia nzima ya nusu lita. Mwenzangu alikunywa bia tano kwa robo saa, tumbo tupu, juani. Hata wewe ungeliamkia friji.

Na waliotengeneza kinywaji hiki hawakukusudia kinywewe kavu. Ile chupa ni kama juisi ya kuchanganya na maji. Sharubati nzito ukiinywa bila maji utalaumu nani?

Haya, ni kitu gani hasa? Kuna majani matatu makubwa ndani yake. La kwanza ni pakanga, mmea mchungu ajabu. Wenye Biblia mmeshakutana nalo kwenye Ufunuo, ile nyota iliyoanguka majini na maji yakawa machungu, jina lake lilikuwa hilo hilo. La pili ni anisi, la tatu ni shamari. Mbegu za shamari unazijua hata kama hujui kwamba unazijua: ni zile unazoletewa kwenye kisahani ukimaliza kula mgahawa wa Kihindi, utafune upate harufu nzuri mdomoni. Majani na mbegu hizi vinalowekwa kwenye spiriti, kisha inakenekwa. Kinachotoka hapo ni cheupe kama maji. Ukijani unakuja baadaye, pale wanapoloweka tena mimea mingine, pakanga ndogo, hisopo na zeri ya ndimu, ili rangi ya majani ihamie kwenye pombe. Ndiyo maana absinti ya kweli ukiiacha juani inageuka rangi ya jani kavu. Ikibaki kijani cha rangi ya uji wa sherehe ya watoto miaka nenda rudi, hiyo ni rangi ya dukani.

Wenzetu wa Kilimanjaro watanielewa haraka kuhusu uchungu. Mbege isipotiwa gome la msesewe inakuwa uji wa ndizi na ulezi. Uchungu ndio unaoifanya pombe kuwa pombe.

Ilianzia Couvet, kijiji cha bonde la Val-de-Travers, jimbo la Neuchâtel, mwishoni mwa karne ya 18, ikiuzwa kama dawa ya tumbo. Mwaka 1797 meja mmoja aitwaye Dubied akanunua mapishi yake, na mkwewe, Henry-Louis Pernod, akavuka mpaka mwaka 1805 na kufungua kiwanda Pontarlier, upande wa Ufaransa. Kutoka hapo ikapanda chati. Wanajeshi wa Ufaransa waliopelekwa Algeria miaka ya 1840 walipewa kama kinga ya homa, wakarudi nyumbani wameshaizoea. (Msichanganye mambo: mmea uliotupatia dawa mseto ya malaria ni ndugu wa pakanga, siyo pakanga hii. Mwanasayansi wa Kichina aliyefanya utafiti wake, Tu Youyou, alipata Nobeli mwaka 2015. Na mnakumbuka mwaka 2020 ndege yetu ilivyokwenda Madagascar kufuata ile dawa ya majani? Ukoo ule ule. Lakini asije mtu akaniambia anatibu malaria kwa absinti.)

Kisha mdudu akavamia mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, mvinyo ukaadimika na bei ikapaa. Absinti ikawa rahisi kuliko mvinyo. Saa kumi na moja jioni Paris nzima ilikuwa kwenye viti vya mikahawa, wenyewe wakaita saa ya kijani. Mchoraji Degas alichora picha mwaka 1875 na 1876, mwanamke kakaa mkahawani na glasi mbele yake, macho yako mbali, mwanaume pembeni yake anatazama upande mwingine. Itafute picha hiyo. Mimi nikiitazama sioni pombe, naona wanandoa wangapi niliowahi kukaa nao meza moja pale Sinza! Wamekaa pamoja na kila mtu yuko kwake.

Mwaka 1905 ndipo mambo yalipoharibika. Mkulima mmoja wa kijiji cha Commugny, Uswisi, Jean Lanfray, aliua mke wake mjamzito na binti zao wawili wadogo. Mtu huyo alikuwa amekunywa tangu asubuhi mvinyo, konyaki na vinginevyo, na ndani yake glasi mbili tu za absinti. Lakini wakulima wa mizabibu hawakuwa na haja ya kuulaumu mvinyo, na wapinga pombe walikuwa wanatafuta adui mwenye sura. Kijani kikabebeshwa lawama yote. Waswisi walipiga kura mwaka 1908 na marufuku ikaanza 1910. Marekani ikafuata 1912, Ufaransa 1915. Na mjue kwamba Kongo ya Mfalme Leopold ilishapiga marufuku absinti tangu 1898. Utawala uliokuwa ukikata watu mikono kwa ajili ya mpira uliona hatari iko kwenye chupa. Tuache.

Inachonifurahisha mimi ni wanakijiji wa Val-de-Travers. Hawakuacha. Miaka 95 walikeneka kwa kificho majikoni na mabafuni, na wakaacha kutia rangi ili ionekane kama maji, wakaiita ya buluu. Yaani ni gongo kabisa, na polisi wake na faini zake! Ruhusa ilirudi Uswisi Machi 2005, Marekani 2007, na Ufaransa ikaifuta ile sheria yake mwaka 2011. Pale Môtiers, jengo ambalo wapikaji walikuwa wanahukumiwa sasa ni nyumba ya maonyesho ya absinti.

Vipi kuhusu mazimwi? Kwenye pakanga kuna kemikali inaitwa thujoni, na ni kweli kwamba ikiwa nyingi sana inaweza kumtia mtu degedege. Ila wanakemia walipofungua chupa za zamani, zilizotengenezwa kabla ya marufuku, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, walikuta kiasi kidogo mno kuwafanya watu waone vitu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu isizidi miligramu 35 kwa kilo. Kabla thujoni haijakufikia, pombe yenyewe itakuwa imeshakulaza. Waliokuwa wanaharibikiwa enzi zile walikuwa wanakunywa mno kila siku, tena za bei poa zilizotiwa rangi ya chumvi ya shaba. Shaba, mwenzangu!

Na kina kaka mnaoniandikia kuuliza kama inaamsha mapenzi: hapana. Alkoholi asilimia 68 haimwamshi mtu, inamlaza. Kama mpango wako ni kummiminia binti wa watu bila kumwambia ukali wake, ukurasa huu haukuhusu. Huko siyo kutongoza, ni kutega. Mwambie asilimia kabla hajanusa, na maji ashike yeye.

Sasa tunaingia mezani. Kaka yangu alirudi Julai 2022 na chupa nyingine. Hii aliifunga kwenye karatasi ya zawadi, akaandika juu "samahani ya miaka 16." Mume wangu aliitazama kama mtu aliyeona nyoka, akaiweka juu ya kabati nyuma ya sufuria la pilau. Tangu 2006 hajagusa pombe kali. Kwenye sherehe za ukoo wajomba bado wanamwita Mzee wa Kijani, yeye anatabasamu tu na maji yake. Mimi nilidhani ameshazoea.

Desemba mwaka ule tulitimiza miaka 15 ya ndoa. Watoto walikuwa kwa bibi yao, umeme ulikatika, televisheni kimya, simu yake imeisha chaji. Nikaishusha chupa. Akasema, "Mama Watoto, hapana." Nikamwambia huna haja ya kunywa, wewe dondosha maji tu.

Fanya hivi na wewe. Chukua glasi yenye mguu, mimina mililita 30, vijiko viwili vya chakula tu. Juu ya mdomo wa glasi laza kijiko chenye matundu. Vipo maalumu huko kwao, mimi nilitumia uma, na juu yake nikaweka donge moja la sukari. Maji yawe ya baridi kali, ya barafu kabisa, kwenye jagi lenye mdomo mwembamba au birika dogo la kahawa. Kisha dondosha. Tone. Tone. Tone. Ukimwaga kama unamwagilia mchicha umeharibu. Sukari inaloa, inaanza kumomonyoka, inashuka. Chini ya glasi utaona mawingu yanaanza kujikunja, kijani kinakuwa cheupe cha maziwa yenye kivuli cha majani. Ni mafuta ya anisi: kwenye alkoholi yanayeyuka, yakikutana na maji yanajitenga na kuwa vijitone vidogo vidogo. Harufu nayo inafunguka hapo, nyumba nzima ikanukia kama duka la viungo la Darajani. Endelea mpaka maji yawe mara tatu hadi tano ya pombe. Kwa mililita 30 ukitia 120 za maji, ukali unashuka mpaka karibu asilimia 14, yaani umepata glasi ya mvinyo. Kunywa polepole. Kama hupendi sukari, acha. Nyingi nzuri hazihitaji.

Kuna wale wanaochoma sukari moto. Hiyo ni staili iliyozuka Czech miaka ya 1990 kwa ajili ya kuwafurahisha watalii, Wafaransa wa zamani hawakuijua. Inaunguza ladha, na pombe ya asilimia 68 ikiwaka mezani karibu na wigi lako jipya usinitaje polisi.

Kwa kuchanganya, sheria yangu ni moja: absinti kwenye kokteli ni kama karafuu kwenye pilau. Ukiisikia, inatosha. Ukiisikia peke yake, umeshakosea.

Kokteli ninayoipenda ni Sazerac ya New Orleans, ambayo jimbo la Louisiana liliitangaza mwaka 2008 kuwa kokteli rasmi ya mji huo. Tia kijiko kimoja cha chai cha absinti kwenye glasi iliyotoka kwenye friza, izungushe mpaka ipake kuta zote, kinachobaki mwaga (au mpe anayeosha vyombo). Kwenye glasi nyingine saga donge la sukari na matone matatu ya bita. Wenyewe wanatumia ya Peychaud, mfamasia wa mji huo wa karne ya 19. Mimi natumia Angostura na dunia haijaanguka. Ongeza mililita 60 za wiski ya Marekani, ile wanaita rai, au konyaki kama walivyofanya mwanzo. Koroga na barafu, chuja uingize kwenye glasi uliyoipaka, kamua ganda la limau juu yake. Haina barafu ndani, hivyo usiongee sana, itapata joto.

Ya pili jina lake linatisha: Mfufua Maiti namba 2. Iko kwenye kitabu cha kokteli cha hoteli ya Savoy, London, kilichotoka 1930, mtunzi ni Harry Craddock. Ni vipimo sawa vya vitu vinne, mililita 25 kila kimoja: jini (ya chupa, siyo ya Tanga), Cointreau, Lillet nyeupe na maji ya limau. Juu yake tone moja au mawili ya absinti. Tikisa na barafu mpaka mikono iume. Kama huna kikopo cha kutikisia, chupa ya asali yenye kifuniko inafanya kazi, halafu chuja kwa chujio la chai. Craddock mwenyewe alitahadharisha kwamba ukinywa nne haraka haraka, maiti inarudi ilikotoka. Ni kinywaji cha mchana wa Jumapili, cheupe, kichachu, kinachangamsha. Namba mbili hazizidi.

Hemingway naye alikuwa na yake, ilichapishwa 1935, ameipa jina la kitabu chake kuhusu mapigano ya mafahali: kipimo cha absinti kwenye glasi ya shampeni, kisha shampeni ya baridi mpaka ipate mawingu. Akashauri tatu hadi tano. Huyu ni mtu aliyekuja kuwinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934, akapata ugonjwa wa kuhara damu, akabebwa kwa ndege ndogo mpaka Nairobi, kwa hiyo ushauri wake wa afya naupokea kwa tahadhari. Pombe juu ya pombe, na mapovu yanaiharakisha. Nilijaribu nusu kipimo. Nzuri kidogo, halafu kichwa kesho yake kikanikumbusha.

Ya mwisho ni ya kwangu, jikoni kwangu Mbezi. Mililita 20 za absinti, mililita 120 za madafu ya baridi, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula, shira nusu kijiko (shira ile ile ya kaimati, bila iliki), nanaa iliyopigwa viganjani mara moja, barafu iliyopondwa mpaka juu. Madafu yana utamu wake wa chinichini unaoulainisha uchungu wa pakanga, na chumvi chumvi kidogo. Shosti wangu mmoja anayechukia kila kitu aliomba ya pili.

Wasomaji wangu msiotumia kilevi sijawasahau: chemsha vijiko viwili vya mbegu za anisi na shamari kwenye kikombe cha maji na kikombe cha sukari, dakika kumi, chuja, weka kwenye friji. Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya barafu na ndimu. Harufu ni ile ile, na unarudi na gari lako mwenyewe.

Mambo mawili na sitayarudia. Usiloweke pakanga au jani lolote kwenye gongo ukidhani umetengeneza absinti nyumbani. Kukeneka ndiko kunakoacha uchungu nyuma, na gongo lenyewe hujui lina nini. Na kama una mimba, una kifafa, unatumia dawa au unaendesha, mwachie mwenzio.

Narudi kwenye ile jioni ya kukatika umeme. Mume wangu alikuwa anadondosha maji, tone kwa tone, mshumaa katikati yetu. Kitu hiki huwezi kukifanya ukiwa na haraka. Dakika kumi mikono yake ilikuwa na kazi na macho yake yalikuwa kwenye glasi, si kwangu. Nadhani ndiyo maana aliweza kusema.

"Unajua kwenye teksi baba alisema nini?"

Sikujua. Miaka 15 sikuwahi kuuliza. Nilichojua ni kwamba kesho yake mzee alipanda basi la Singida, na Aprili 2007 alifariki. Barua ya pili ilipokuja, Agosti, ililetwa na baba yake mdogo, na baba mkubwa akaipokea bila neno. Mkwe wangu hakuiona harusi yetu. Aliondoka duniani akiwa amebeba bahasha iliyorudishwa.

"Nilidhani atanitukana," alisema. "Tabata mpaka Ubungo hakufungua mdomo. Ile bahasha ameishika hivi, juu ya magoti. Tulipofika kwenye mataa akageuka, akaniuliza, 'Umekula?' Basi. Nikamwambia sijala tangu asubuhi. Akamwambia dereva asimame, akaninunulia chipsi mayai, akakaa pembeni akinitazama mpaka nikamaliza. Hakuizungumzia tena mpaka alipokufa. Na mimi sikumwomba msamaha, nikisubiri siku tutakayorudi wote kwa baba mkubwa."

Aliendelea kudondosha. Maji yalishapita kipimo, mara sita, mara saba, nikamwacha. Kisha akaivuta ile glasi upande wake, akanusa, akanywa funda moja. Akakunja uso.

"Ndiyo hii?" aliuliza. "Hii ni tamu hivi?"

Tuligawana hiyo moja mpaka umeme uliporudi. Kesho yake alimpigia kaka Geneva, wakaongea kama saa nzima, sikusikiliza. Na Pasaka iliyofuata tulikwenda Singida na watoto. Alikaa kaburini peke yake muda mrefu. Hakubeba chupa yoyote, alibeba chipsi mayai kwenye mfuko wa karatasi, na wakwe zangu walidhani amerukwa na akili.

Chupa bado ipo kabatini, imebaki robo. Kaka anakuja Krismasi hii, na ameshaambiwa: atakula kwanza.